Eda Mbili za Mwanahawa

Dada yangu Mwanahawa alitolewa eda siku ya arobaini na tatu, mchana kweupe, majirani wakitazama, na mpaka leo sijamsamehe hata mmoja wao. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani nitasimulia kwa upole. Watu wazima walioshindwa kunyamaza walimharibia dada yangu msiba wake, na mimi Mishi, mdogo wake, nilikuwa pale nikiangalia.

Sisi ni Warangi wa Kondoa. Baba yetu aliuza nta na asali, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume, Mwanahawa ndiye aliyefuatana naye sokoni tangu akiwa na miaka minane. Shule hakuiona. Lakini tarakimu alizijua zote kwa sababu wanunuzi waliandika uzito wa kila mzigo kwa chaki, juu ya gunia lenyewe. Mzigo uliokubaliwa ulibaki na namba yake. Uliokataliwa, mnunuzi alipiga mstari juu ya ile namba na kuuteremsha kwenye mizani, na mwenyewe alijua bila kuambiwa kwamba wa kwake umebaki. Mwanahawa aliweza kuziona namba hizo kutoka upande wa pili wa soko. Alikuwa na macho ya kunguru na mdomo wa kutosha, na mnunuzi aliyejaribu kumpunja baba alijuta siku hiyo.

Aliolewa na Athuman, mpishi, wakahamia Dodoma, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Nilipoachika nikaenda kukaa nao. Athuman alikuwa mwembamba, mpole, mwenye utani usiokwisha. Alimpikia Mzungu mmoja mtafuta madini ambaye watu walimwita Bwana Miwani, na kila alipohama kambi, Athuman alihama naye na masufuria yake: leo vilima vya Kibakwe, kesho porini magharibi ya Zuzu. Akirudi nyumbani alikuwa akimpikia mkewe. Mwanamume anampikia mkewe! Mtaa mzima ulicheka, na Mwanahawa alikula bila haya.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule aliovikwa taji Malkia, alikuja na habari kwamba Bwana anakwenda Nairobi kwa eropleni na yeye anakwenda naye.

"Utakaa wapi humo?" dada akamwuliza.

"Ndani, mke wangu. Unadhani nitaning'inia mkiani?" Athuman akacheka. "Tukipita juu ya Kondoa nitamwangushia mama yako shikamoo. Mwambie atege masikio."

Alfajiri alifunga furushi lake. Kanzu moja, kofia, na kopo la asali la kumpelekea binamu yake aliye Nairobi. Tuliisikia ndege ikinguruma saa tatu za asubuhi, tukatoka uani kuitazama. Ilipita juu ya reli, ikageuka kuelekea kaskazini. Mwanahawa aliipungia kanga.

Haikufika Nairobi. Haikufika popote. Siku nne ndege nyingine zilizunguka juu ya Kondoa, Singida na nyika ya Wamasai, zikarudi bila kitu. Kisha gazeti likachapa majina ya waliopotea. Ebrahim, mwenye duka mtaani kwetu, aliyasoma kwa sauti barazani kwake, na watu wakajaa kama wamekuja kupokea mgawo wa sukari. Majina ya abiria yalikuwa saba. Wazungu sita, akiwamo Bwana Miwani, na karani mmoja wa Kigoa. Mwanahawa akamwambia Ebrahim arudie. Akarudia. Yakawa saba vilevile.

"Wamemsahau," Mwanahawa akasema. "Boi nani atamwandika gazetini?"

Siku hiyohiyo akavua bangili, akajifunga shuka nyeupe, akaingia ndani kukaa eda. Miezi minne na siku kumi, kama ilivyoamriwa. Hakupiga kelele wala hakujirusha chini. Alikuwa na mtu wake wa kumlilia, akawa anamlilia kwa utaratibu wake. Angeachwa vivyo hivyo nisingekuwa na hadithi ya kuandika.

Lakini ile baraza ya Ebrahim! Pale alikaa na cherehani yake fundi Zaidi, Mrangi mwenzetu, mtu wa kijiji cha jirani kabisa, ambaye mdomo wake ulikwenda kasi kuliko sindano. Tangu ndege ipotee, suruali za watu zilikaa bila pindo. Kila mteja alitakiwa kwanza atoe maoni yake. Ebrahim alitundika ramani ukutani na kuichoma pini. Yeye alishikilia kwamba ndani mlikuwa na dhahabu ya Bwana Miwani na rubani ameiba ndege nzima akakimbilia Kongo, kwa ushahidi wa mfanyakazi mmoja wa reli wa Zuzu aliyesikia mngurumo upande wa magharibi. Wengine walisema Mau Mau wameitungua. Mwenye hoteli alisema ni mumiani, kwamba watu wale wameshushwa porini wakanyonywa damu, na ajabu ni kwamba aliyasema hayo huku anawamiminia watu chai. Bibi mmoja wa Kigogo alisema waganga wa mvua wamechoka na kelele juu ya mawingu yao. Hata Wazungu klabuni kwao, tuliambiwa na wapishi, walibishana mpaka wakanuniana: wingu la mvua, mafuta mabaya, rubani mlevi.

Nilikuwa nikipita pale na ndoo kichwani, nikiwasikia. Walikuwa wanafurahi. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Walikuwa wamepata kitu kitamu cha kutafuna, na katika utamu wote huo hakuna aliyesema: mle ndani alikuwamo Athuman, jirani yetu, aliyetupikia pilau ya maulidi mwaka jana.

Kisha wakamkumbuka. Afadhali wasingemkumbuka.

Zilipatikana habari kwamba kwenye kiwanja cha ndege kulikutwa furushi la Athuman, liko pembeni ya banda, na askari wamelichukua. Zaidi aliruka toka kwenye cherehani kama ameketi juu ya siafu. "Ndiyo hiyo!" akapayuka. "Msafiri gani anasafiri anaacha furushi lake? Jina halimo, furushi limebaki. Athuman hakupanda! Kamwibia Bwana wake dhahabu, kajificha, na huenda hiyo ndege kaifanyia jambo kabla haijaruka!"

Haikuchukua siku mbili. Athuman akawa mwizi. Baada ya wiki akawa mwuaji. Walikuja askari wawili wakachimbua sakafu ya chumba ambamo mjane alikuwa amekaa eda, wakatafuta dhahabu, wakapata panya. Hawakufukia. Nilifukia mimi.

Na siku ya arobaini na tatu akaja Maalim wa msikitini, na Zaidi nyuma yake, na nusu ya mtaa nyuma ya Zaidi. Maalim hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kitabu, na kitabu alikisoma sawasawa, na hapo ndipo nilipomchukia.

"Binti yangu," alisema akiwa mlangoni, "mke wa aliyepotea ni mke wa mtu mpaka uhakika upatikane. Nani kamwona mumeo anapanda?"

"Mimi nimeiona ndege ikipita, naye alikuwa ndani."

"Ndege uliiona. Yeye hukumwona. Jina lake halimo, na furushi lake limebaki chini. Huwezi kumkalia eda mtu aliye hai. Vua hiyo shuka."

Mwanahawa alitazama watu wote wale waliojazana mlangoni, akamtazama Zaidi, akafungua fundo la shuka mwenyewe. Hakumpa mtu nafasi ya kumgusa. Akavaa kanga yake ya kila siku, akachukua ndoo, akapita katikati yao kwenda bombani. Hakuna aliyemjibu salamu.

Miezi iliyofuata ilikuwa hivyo. Alikuwa mke wa mwizi aliyetoroka. Wanawake walinyamaza alipofika, na walipodhani amekwenda mbali waliulizana kama anampelekea mumewe chakula porini. Mji ukapambwa bendera za Malkia, Ramadhani ikaingia na kutoka, na kila siku ya Mungu pale barazani ndege ilipotea upya kwa namna nyingine. Mara mbili niliokota jiwe nimtwange nalo Zaidi. Mara zote mbili Mwanahawa alininyang'anya.

"Ukimpiga watasema tunaficha kitu," alisema.

Mwishoni mwa mwezi wa saba, wachunguzi walipofunga kazi yao na kutangaza kwamba wote waliokuwamo wamekufa, tuliitwa tukachukue furushi. Tulilipokea, tukalibeba hadi nyumbani, tukaliweka juu ya mkeka. Asali ilikuwa imevuja kidogo kwenye kanzu. Mimi nikaanza kulia. Mwanahawa hakulia. Alikuwa amekiinamia kitambaa cha nje cha furushi, mahali palipokuwa na alama nyeupe iliyofifia.

"Mishi, njoo uone."

Ilikuwa chaki. Kumi na moja, na mstari umepigwa juu yake.

"Hili limewekwa kwenye mizani," akasema. "Limepimwa, likakataliwa, likateremshwa. Nani anapima mzigo wa mtu asiyesafiri?"

Miezi minne na nusu furushi lile lilikaa mikononi mwa watu waliosoma. Waliliandika, walilifungua, walilikunja. Aliyeweza kulisoma alikuwa binti wa mwuza nta.

Kesho yake tulikwenda kiwanjani. Mpimaji alikuwa Mgogo wa Mvumi aitwaye Yotham, mtu wa makamo, na kazi yake ilikuwa kupima kila kinachopanda ndege, watu na mizigo, kwa maana ndege zile ndogo zilikuwa na kikomo cha uzito. Alikuwa chini ya banda, karibu na mizani kubwa ya chuma. Tulipofika alitusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," tukamwitikia. Kisha Mwanahawa akaliweka furushi mbele yake, upande wenye chaki juu.

Yotham aliliangalia, akaangalia pembeni. "Mama, mimi niliulizwa na wakubwa. Walisema, umepima abiria wangapi? Nikasema saba. Walisema, furushi hili limekutwa hapa? Nikasema ndiyo. Basi. Hawakuuliza lingine."

"Mimi nakuuliza lingine. Mwandiko huu ni wa nani?"

Akaanza kupangusa vumbi kwenye mizani kwa kiganja.

"Ni wako?"

"Mama, nina watoto watano. Mizani ni yangu. Wakitafuta wa kulaumiwa, watakuja hapa hapa."

Hapo nilidhani dada atamrukia. Badala yake alivua viatu vyake, akapanda juu ya mizani, akasimama wima.

"Nipime."

"Mama..."

"Kazi yako si kupima? Nipime."

Akasogeza vyuma mpaka mkono wa mizani ukatulia. "Ratili mia moja na tisa," akasema taratibu.

"Sasa uniandike. Nataka nione utaniandika wapi. Mimi ni mke wa mpishi. Mpishi ulimwandika wapi?"

Yotham alishika ukingo wa mizani kwa mikono miwili. Akaingia bandani, akakaa humo muda mrefu, nikafikiri katutoroka. Akarudi na kitabu cha nakala, karatasi zake za kaboni zimekunjamana.

"Kuna karatasi mbili," akasema bila kututazama. "Ya abiria na ya mizigo. Maboi hatuwaandiki ya abiria. Tumeamriwa hivyo. Wanakaa nyuma na masanduku, kwa hiyo wanaandikwa chini ya mizigo ya bwana wao. Wakubwa walichukua karatasi ya abiria. Ya mizigo hawakuitaka."

Akatusomea. Bwana Miwani: sanduku la bunduki, ratili thelathini na nne. Sanduku la chupa, ratili arobaini na nane. Mpishi mmoja, ratili mia moja thelathini na moja. Furushi la boi, ratili kumi na moja, limeteremshwa.

"Ilizidi ratili kumi," Yotham akasema. "Rubani akataka kitu kishuke. Bwana akatazama vitu vyake, akasema, shusha furushi la boi. Mumeo akalishusha mwenyewe. Akaniambia, nitunzie ndugu yangu, kuna asali, sisimizi wasiipate. Akapanda." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nimemwona kwa macho yangu mawili. Alikaa juu ya sanduku la chupa."

Mwanahawa alishuka kwenye mizani, akavaa viatu. Alisema sentensi moja tu mpaka tulipofika mjini. "Miezi yote hii," alisema, "alikuwa kwenye mizigo."

Tulikwenda moja kwa moja kwa Maalim, na Yotham, Mungu amjalie, akatufuata na kitabu chake. Maalim alisikiliza, akamwapisha, akamwuliza maswali mawili matatu. Akavua miwani. Kwa mara ya kwanza nikamwona ana haya.

"Uhakika umepatikana," akasema. "Mumeo alikuwamo. Wewe ni mjane."

"Basi nirudi ndani nikae eda yangu."

Maalim akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Eda huanza siku aliyofariki mume, binti yangu, si siku ya kupata habari. Tangu siku ile imepita miezi minne na siku kumi, na wiki moja zaidi. Eda yako imekwisha. Huna unachodaiwa na sheria."

Dada yangu akacheka. Sijasikia tena kicheko kama kile na sitaki kukisikia. "Imekwisha," akasema. "Nikiwa bombani. Nikiwa mke wa mwizi. Imekwisha hivyohivyo, na nyinyi mnanitazama."

"Ndivyo sheria ilivyo."

"Sheria nimeisikia, Maalim. Ulikuja kunitoa na watu arobaini. Sasa usije hata peke yako."

Akarudi nyumbani, akajifunga shuka nyeupe, akafunga mlango, akaanza siku ya kwanza. Walioijua dini walinong'ona kwamba hiyo si eda, ni ukaidi. Ilikuwa ukaidi. Miezi minne na siku kumi nilimpelekea maji na uji, na hakuna aliyethubutu kugonga. Hakuna aliyekuja kuomba radhi pia. Baraza ya Ebrahim iliendelea, ila Athuman walimwondoa katika maneno yao kimyakimya, jinsi mtu anavyotema kokwa, wakarudia rubani na mumiani.

Siku alipotoka tulisoma hitima. Wanaume walikaa barazani kwetu, juu ya mikeka, na sisi wanawake ndani, nyuma ya pazia la mlango. Watu walijaa, kwa maana pilau ni pilau. Yotham alikuja kwa baiskeli kutoka Mvumi. Kazi ya mizani alikuwa ameshaiacha, akilima. Dua ilipokwisha, Mwanahawa akaniagiza nimwombe Yotham asome ile karatasi ya mizigo mbele ya wote, kabla hawajala. Akasoma kutoka juu hadi chini. Watu wakainamisha vichwa, wakasema Mungu amrehemu. Ebrahim alitoa leso. Nikaanza, kidogo sana, kuwaza kuwasamehe.

Sinia zikapita. Kisha nikasikia sauti ya Zaidi, mdomo umejaa.

"Lakini jamani, si tumepata sasa! Wachunguzi walihesabu saba. Kumbe wa nane alikuwamo, ratili mia na thelathini na moja! Ndege ilizidiwa. Ndugu yetu Athuman, Mungu amlaze pema, ndiye aliyeiangusha."

Na wallahi, wengine wakaanza kuitikia kwa kichwa, wakifikiri. Ebrahim akauliza kama ratili mia na thelathini na moja ni nyingi.

Mwanahawa alisukuma pazia. Alitoka mbele ya wanaume, bado na shuka nyeupe, akapita juu ya mikeka bila kuangalia anakanyaga nini, akasimama mbele ya Zaidi.

"Kaka Yotham," akasema, "nisomee tena. Chupa."

Yotham akafungua karatasi. "Sanduku la chupa, ratili arobaini na nane."

"Lilisafiri?"

"Lilisafiri, mama."

"Na kilichoshushwa?"

"Furushi la boi. Ratili kumi na moja."

Dada akainama, akauchukua mkono wa Zaidi uliokuwa na tonge, akaukung'uta juu ya sinia mpaka punje ya mwisho ikaanguka.

"Fundi Zaidi," akasema, "na wewe shuka."

Zaidi akamtazama Maalim. Maalim alikuwa anatazama pilau. Akamtazama Ebrahim, naye Ebrahim alikuwa anakunja leso yake. Basi Zaidi akainuka, akatafuta kandambili zake kati ya viatu vya watu, akashuka ngazi mbili za baraza yetu, na hakuna aliyesogea kumpisha.